Usipoziba Ufa: Somo Juu ya Kutengeneza na Kuunda Magitaa Nyumbani



Somo letu mara hii ni juu ya kazi ya mikono ambayo wengi hawaifikirii wakati kikundi kinapotafuta mradi. Mtu akitaja mradi, tunataja kuku, nyuki, mboga au cherehani. Gitaa halitajwi. Lakini hebu angalieni kule kwenu. Je, hakuna gitaa la kwaya lililotundikwa ukutani mwaka wa tatu sasa, daraja limeng'oka? Je, hakuna mzee aliyekuwa akipiga zamani, na sasa gitaa lake liko chini ya kitanda, shingo imevunjika? Mwenyewe atakwambia, "Hilo limekufa." Mara nyingi halijafa. Ni mali iliyolala, inangoja fundi.

Mkisha kusoma somo hili na kulijadili, kikundi chenu kiwe kinaweza:
- kueleza kwa nini magitaa huharibika;
- kufanya matengenezo manne yanayohitajika sana;
- kujua hatua za kuunda gitaa la kwanza;
- kupiga hesabu ya kazi hii kabla ya kutia pesa ya kikundi.

1. GITAA NA MITAA YA EASTLANDS

Tunachukua mfano wa Eastlands, Nairobi, kwa sababu huko gitaa na jua kali ni majirani. Mitaa ile ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Pumwani ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, Shauri Moyo ukafuata katika miaka ya 1930, na Kaloleni katika miaka ya 1940. Makongeni ulikuwa wa wafanyakazi wa reli. Watu walitoka kila pembe ya nchi, kila mmoja na wimbo wa kwao, na chombo kilichowaunganisha jioni kilikuwa gitaa. Halihitaji stima, mtu mmoja anatosha kulibeba, na linaimba katika lugha yoyote.

Nairobi ilivutia wapigaji wakubwa. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alirekodi muziki wake mwaka 1952, alikaa Nairobi kwa muda mwishoni mwa miaka ya 1950. Edouard Masengo naye alikuja. Wenyeji wakawa nao mabingwa wao: Fundi Konde kutoka Pwani, George Mukabi kutoka Magharibi, Fadhili William na Daudi Kabaka. Wimbo wa Kabaka, "Helule Helule", ulifika hadi Uingereza, ambako kikundi cha The Tremeloes kiliuimba upya mwaka 1968.

Upande wa pili ni mafundi. Kamukunji wanafua mabati, Gikomba wanauza na kupasua mbao, Kariobangi Light Industries wanachomelea na kukereza vyuma. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa juu ya ajira Kenya, na hapo kazi hizi ndogondogo zikaanza kuhesabiwa kuwa sehemu ya kweli ya uchumi. Mwaka 1992 serikali nayo ikatoa waraka wa Bunge, Namba 2 wa mwaka huo, juu ya biashara ndogo na jua kali. Fundi wa gitaa hapo hakosi kitu. Mbao ziko, vyuma viko, na mfupa wa ng'ombe uko kwa mwenye bucha. Kinachokosekana ni maarifa tu.

2. TENGENEZA KWANZA, UNDA BAADAYE

Vijana wengi wakisikia habari hii hutaka kuunda gitaa jipya siku hiyo hiyo. Tunawashauri msifanye hivyo. Anayeanza kwa kuunda, hajui kwa nini gitaa huvunjika, basi ataunda lile litakalovunjika. Lakini anayeanza kwa kutengeneza, kila gitaa linalofika mkononi mwake ni mwalimu. Analifungua, anaona mbavu za ndani, anaona gundi ilishindwa wapi. Akishatengeneza ishirini, atajua mengi kuliko kitabu.

Tena kuna jambo la pesa. Kutengeneza kunahitaji vifaa vichache na malipo yanakuja wiki hiyo. Kuunda kunafunga pesa kwa miezi. Tutarudi kwenye hesabu hii hapo mbele, kwa sababu ndipo vikundi vinapoangukia.

3. JUA NGUVU YA NYUZI

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika somo hili, kwa hiyo tusome polepole.

Gitaa huonekana limetulia, lakini nyuzi zikikazwa linavutwa mchana na usiku. Nyuzi sita za chuma, hata zile nyembamba za kawaida, huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi au zaidi kidogo. Ni karibu mfuko mmoja na nusu wa saruji wa kilo 50. Nyuzi sita za nailoni huvuta kilo 40 hivi.

Sasa, kuna magitaa ya namna mbili. Lile la nyuzi za chuma lina mbavu imara ndani, na mara nyingi lina chuma kilichofichwa shingoni. Lile la nailoni lina shingo pana, mbavu nyepesi, na daraja ambalo nyuzi hufungwa kwa fundo. Mtu akinunua gitaa la nailoni, halafu uzi ukakatika, anakwenda dukani anauziwa za chuma kwa sababu zinalia kwa sauti kubwa. Anafurahi wiki mbili. Baadaye ubao wa uso unavimba nyuma ya daraja, shingo inajipinda, na siku moja, pah! Daraja limeruka.

Watu husema gitaa lilirogwa au ni la bei rahisi. Wala! Limebebeshwa mzigo usio wake, kama punda wa gunia moja kutwishwa mawili. Basi sheria ya kwanza ya fundi ni hii: kabla ya kugusa chochote, tazama gitaa ni la namna gani na limefungwa nyuzi gani. Usipomweleza mwenye gitaa jambo hili, utalibandika daraja na litang'oka tena, na yeye atasema kazi yako ni mbovu.

Adui wa pili ni joto. Gitaa lililoachwa chini ya paa la mabati bila dari, au kwenye buti ya gari juani, gundi yake hulegea. Adui wa tatu ni hali ya hewa. Mbao hunywa unyevu na kuutoa. Januari na Februari Nairobi kukikauka, ubao wa uso husinyaa na unaweza kupasuka. Mvua za Machi hadi Mei zikija, huvimba. Gitaa likitoka Mombasa kwenye unyevu likaletwa bara kwenye ukavu, lichunguzeni vizuri.

4. VIFAA VYA KUANZIA

Hakuna haja ya mashine. Anzeni na hivi: msumeno wa meno madogo, randa ndogo, patasi mbili zenye makali, tupa, keekee ya mkono, rula ya chuma ya milimita, kisu chembamba, msasa wa aina tatu, na jiliwa chache za kubania. Jiliwa zikikosekana, kateni tyubu kuukuu ya baiskeli iwe utepe mrefu. Mpira huo ukizungushwa na kuvutwa hubana vizuri kuliko kamba, na hauachi alama.

Gundi ni jambo la kuangalia. Tumieni gundi ya mbao nzuri ya seremala, ile inayokauka ikawa ngumu. Msitumie gundi ya viatu, kwa maana hiyo hubaki laini na kazi itateleza ikivutwa na nyuzi. Na ile gundi ya kukauka mara moja si ya kubandika daraja wala shingo. Misumari na skrubu za kubahatisha msitumie kabisa. Msumari huipasua mbao, na fundi atakayekuja baada yako atakulaani.

5. MATENGENEZO MANNE

A. Daraja lililong'oka

Legeza nyuzi zote polepole kisha uzitoe. Kama daraja limeachia upande mmoja tu, usilivute kwa nguvu. Pasha kisu chembamba moto kidogo, kipitishe chini yake taratibu hadi litoke lote. Kwangua gundi ya zamani pande zote mbili hadi uone mbao tupu. Gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu wala juu ya vanishi.

Kabla ya kupaka gundi, jaribu kubana kukiwa kukavu, uone kama kila kitu kinakaa sawa. Kama huna jiliwa ndefu ya kupita kwenye tundu, kata kijiti kinachosimama ndani ya tumbo kutoka ubao wa nyuma hadi chini ya daraja, kisibonyee uso. Sasa paka gundi, weka daraja mahali pake hasa, zungushia mpira tumbo lote, futa gundi iliyotoka kwa kitambaa chenye maji. Acha saa 24 nzima. Mwenye gitaa akija jioni hiyo hiyo anasema ana arusi kesho, mwambie kwa upole: ukilichukua leo utalirudisha Jumatatu.

B. Kichwa kilichovunjika

Gitaa likianguka, mara nyingi huvunjika pale shingo inapokutana na kichwa. Likija likiwa bichi, yaani vipande bado vinaingiana kama meno, kazi ni rahisi. Usipige msasa mahali palipovunjika, maana utaondoa yale meno. Jaza gundi hadi ndani kabisa ya ufa, unganisha, funga kwa mpira, acha siku mbili. Pakishika vizuri, panaweza kubeba nyuzi kwa miaka. Kama mtu alishajaribu kwa gundi nyingine au msumari, kazi inakuwa kubwa mara tatu. Kwa hiyo watangazieni watu kijijini: gitaa likivunjika, legeza nyuzi, okota kila kibanzi, funga kwa kitambaa, leta kwa fundi.

C. Ufa wa ubao wa uso

Kwanza lipe gitaa unyevu. Chukua kikopo chenye matundu, tia sponji iliyokamuliwa vizuri isidondoke maji, kiweke ndani ya tumbo, ulifunike gitaa usiku mmoja au mbili. Ufa utajifunga wenyewe kwa kiasi. Hapo sukuma gundi ndani kwa kidole, funga, acha ikauke. Kisha kwa ndani bandika viraka vidogo vya mbao nyembamba, nyuzinyuzi za mbao ya kiraka zikikata ufa badala ya kuufuata. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa leo unazibwa kwa gundi ya shilingi chache, lakini wa mwakani utadai ubao mzima.

D. Nyuzi zilizo juu mno

Mtoto akijifunza gitaa ambalo nyuzi ziko juu, vidole vinatoka damu na anaacha. Wengi wameambiwa hawana kipaji, kumbe gitaa ndilo lilikuwa bovu. Pima kwenye freti ya 12, yaani kile chuma cha kumi na mbili kinacholala kukata shingo. Kutoka juu ya chuma hadi chini ya uzi mnene kuwe na milimita 2 hadi 2.5 kwa nyuzi za chuma, na 3 hadi 4 kwa nailoni. Ikizidi, toa kile kijiti cheupe cha darajani, ukisugue upande wa chini kwenye msasa uliotandazwa mezani. Ukitaka uzi ushuke milimita 1 pale kwenye freti ya 12, punguza milimita 2 kwenye kijiti. Sugua kidogo, jaribu, sugua tena. Ukizidisha, chonga kingine kwa mfupa wa ng'ombe uliochemshwa ukatoka mafuta na kukaushwa.

Lakini kama shingo yenyewe imejipinda kama upinde, kusugua kijiti hakutaponya. Mwambie mwenyewe ukweli kabla ya kuchukua pesa.

6. GITAA LA KWANZA

Mkishapata mazoezi, mnaweza kuunda. Hizi ndizo hatua kwa ufupi.

Mbao. Ubao wa uso ndio unaoimba, kwa hiyo uwe mwepesi, mkavu, usio na fundo. Saiprasi iliyokauka vizuri inafaa, hata mafundi wa Uhispania hutumia mbao za jamii hiyo kwa magitaa yao. Ubao wa dari wa nyumba iliyobomolewa ni hazina, maana umekauka kwa miaka mingi. Uranda ubaki milimita 2.5 hadi 3. Shingo iwe mahogani iliyonyooka. Ubao wa vidole uwe mgumu, kama mpingo au muhuhu.

Mbavu na ubavuni. Mbao za ubavuni ziwe na unene wa milimita 2 hivi. Lowesha nusu saa, kisha zikunje juu ya bomba la chuma lenye makaa ndani. Tone la maji likidondoka juu ya bomba na kurukaruka, joto limefika. Bonyeza polepole kufuata umbo. Ukisikia mlio wa kuvunjika, umeharakisha. Bomba lisiwe lile lililopakwa zinki, maana moshi wake ni sumu.

Freti. Hapa ndipo gitaa linaposema kweli au uongo. Zikikosewa, hakuna kukaza uzi kutakakoliponya. Pima urefu wa uzi kutoka kijiti cha juu hadi darajani. Tuseme ni milimita 650. Gawanya kwa 17.817, utapata 36.5. Hapo ndipo freti ya kwanza. Kilichobaki, 613.5, gawanya tena kwa 17.817, utapata 34.4, na freti ya pili inakaa hapo kutoka ile ya kwanza. Endelea hivyo. Hakikisha: freti ya 5 iwe milimita 163 kutoka juu, ya 7 iwe 216, na ya 12 iwe 325, nusu kamili. Ikiwa ya 12 haikuangukia nusu, hesabu imepotea mahali. Anza upya kabla ya kukata mbao. Kijiti cha darajani nacho kisogezwe nyuma kidogo, milimita 2 hivi, kwa sababu uzi ukibonyezwa hukazika na sauti hupanda.

Mtoto aliyeishia darasa la saba anaweza hesabu hii kwa simu ya mkononi. Mpeni kazi hiyo kijana wa kikundi, na mwingine ahakikishe.

7. KARAKANA NDANI YA NYUMBA

Wengi mitaani wana chumba kimoja tu, na ndimo watoto wanamolala. Basi shikeni haya:
- Makaa ya kukunjia mbao yawashwe nje, kamwe si ndani. Hewa ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini.
- Vanishi na tina zisikae karibu na jiko wala mahali mtoto anafika. Pakeni nje penye kivuli.
- Vumbi la mvule na la mpingo huwasha ngozi na kifua. Funikeni pua na mdomo, na mfagie kwa kumwagia maji kwanza.
- Kelele za nyundo ziishe kabla ya saa za majirani kupumzika. Jirani akiwa rafiki, ndiye mteja wa kwanza.
- Kila gitaa la mteja liandikwe daftarini: jina, tarehe, ubovu, bei mliyopatana. Litundikwe juu, lisilale sakafuni.

8. PIGENI HESABU

Huu ni mfano tu, wekeni bei za kwenu. Kubandika daraja na kufunga nyuzi mpya:

Gundi na msasa: sh. 80
Nyuzi: sh. 600
Kazi, saa 3 kwa sh. 150: sh. 450
Kodi na stima: sh. 70
Akiba ya vifaa: sh. 100
Jumla: sh. 1,300

Wengi hudai sh. 800 kwa sababu wamesahau saa zao. Baada ya miezi sita wanashangaa kazi ni nyingi na mfuko mtupu. Saa zako ni mali, ziandike.

Sasa linganisheni na kuunda. Gitaa la kwanza laweza kula saa 60. Kwa bei ile ile, kazi peke yake ni sh. 9,000, bado mbao, freti na vishikizo vya kukazia nyuzi. Nendeni dukani mjini muulize bei ya gitaa la kiwanda la mwanafunzi. Mkiona liko chini ya hapo, mjue hamtashindana kwa bei. Mtashindana kwa sauti nzuri, kwa uimara, na kwa mteja kujua fundi yuko wapi likiharibika. Kwa hiyo kikundi kisikope pesa ili kuunda magitaa kumi. Undeni moja, kwa faida ya matengenezo, lipigwe na watu mwaka mmoja. Likisimama, undeni la pili.

Mwisho, uaminifu. Yako magitaa ambayo gharama ya kuyatengeneza inapita thamani yake. Fundi mwenye njaa hushawishika kunyamaza na kuchukua pesa. Lakini mtaani, kama kijijini, habari hutembea haraka. Mtu uliyemwambia, "Hili usipoteze pesa yako, niuzie vishikizo vyake," atakuletea wateja watano.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kijijini kwetu kuna magitaa mangapi yaliyolala? Nani atayahesabu kabla ya mkutano ujao?
2. Kwa nini daraja lililobandikwa vizuri linaweza kung'oka tena?
3. Urefu wa uzi ukiwa milimita 630, freti ya kwanza na ya 12 zitakaa wapi?
4. Nani kati yetu ana mkono wa useremala, nani ana sikio la muziki, na nani anajua kuweka daftari? Je, wanaweza kufanya kazi pamoja?
5. Mteja akitaka nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni, naye ndiye analipa, tumjibu nini?

KAZI YA KIKUNDI: Tafuteni gitaa moja bovu, ombeni ruhusa ya mwenyewe, mlitengeneze wote pamoja kwa kufuata sehemu ya tano. Andikeni gharama zote hata ya shilingi tano. Siku likirudishwa kwa mwenyewe, alipige hapo hapo mbele ya kikundi, na wale watoto wakae mbele wasikie.